Kila Mtu na Chujio Lake

Watu wa mtaa ule walikuwa wasafi, na aliyewaambia vinginevyo alikuwa anatafuta ugomvi. Asubuhi, kabla chai haijachemka, ungesikia mafagio yanakwaruza kutoka juu ya mteremko mpaka chini. Kila mlango ulikuwa na kipande chake cha mtaro, na kila mwenye mlango alikisafisha kipande hicho mpaka ukatamani kukikalia. Takataka alizipeleka wapi? Alizisukuma zikavuka mpaka, zikaingia kwa jirani wa chini. Jirani wa chini naye alikuwa msafi. Naye alizisukuma.

Safari hiyo iliishia kwa Cheche. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa ya mwisho, pale mtaro unapoingia kwenye kalvati na kupita chini ya barabara kubwa. Mifuko ya plastiki, chupa, maganda, nywele za saluni, kandambili za mguu mmoja, vyote vilifika kwake na kukwama mdomoni mwa kalvati. Gari la taka lilikuwa limeacha kupita siku nyingi. Wengine walisema limeharibika, wengine walisema limeuzwa, na wote walisema si kazi yao.

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na jina hilo alipewa kwa sababu ya kazi. Mkewe alisema lilimfaa kwa sababu nyingine: mume wake huwaka upesi na kuzimika upesi. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Walimwita Kibibi, kwa vile tangu alipozaliwa alikuwa na tabia ya kumkazia mtu macho kama bibi kizee anayesubiri maelezo.

Zamani mvua ilikuwa na adabu. Ilinyesha kidogo kidogo, ikapumzika, ikarudi. Siku hizo kilima cha juu ya mtaa kilikuwa na miti. Miti ikawa mkaa, kilima kikawa nyumba, na watu wakazidi kumiminika kutoka huko ambako mashamba yao yalikauka. Huwezi kuwalaumu, mtu hali vumbi. Lakini kila aliyejenga alisakafia ua wake kwa saruji, na maji yakakosa pa kuzama. Sasa mvua ilikaa mbali mpaka watu wakaisahau, kisha ikamwagika yote kwa mkupuo mmoja kana kwamba inafukuzwa.

Msimu uliopita maji yaliingia kwa Cheche mpaka kitandani. Yalipotoka yaliacha unyevu ukutani, na unyevu ukaingia kifuani kwa Kibibi. Alikohoa kikohozi cha mtu mzima. Alipovuta pumzi ulisikia filimbi. Muuguzi wa zahanati alimwambia mama mtu waziwazi kwamba mtoto huyu akiendelea kulala kwenye unyevu, siku moja watamleta wamechelewa.

Mama Kibibi si mtu wa kupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha mumewe. Siku moja jua likiwaka vizuri, alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Nakwambia leo, mvua ikiwa mbali, usije ukasema nimekushtukiza. Maji yakiingia tena humu ndani, mimi na mtoto tunakwenda kwa kaka yangu."

"Kwa siku ngapi?"

"Mpaka pakauke."

"Pakauke mvua ikiisha, au pakauke moja kwa moja?"

"Baba Kibibi, umenielewa."

Alikuwa amemwelewa. Kwa siku kadhaa alichoma vyuma vya watu huku mawazo yako kwenye mtaro. Mwishowe alikata vipande vya nondo, akavipanga kama wavu, akavichomelea kwenye fremu, akaifunga ile fremu kwa boliti nne pale kipande chake cha mtaro kinapoanzia. Maji yangepita, takataka zingebaki. Aliliita chujio, na alijivunia, maana kwa kweli lilikuwa limenyooka.

Mkewe alilitazama akiwa amembeba mtoto kiunoni. "Na hizo takataka zitakaa wapi?"

"Zitabaki kwa wenyewe."

"Kwa hiyo mwenyewe ni Mkunga?"

Cheche akavaa kinyago chake cha kuchomelea, ingawa hakukuwa na kitu cha kuchomelea hapo. Mtu akivaa kile, huwezi kumwona uso.

Mkunga alikuwa mama mzee wa nyumba ya juu yake, magoti mabovu na ulimi mzima. Nusu ya watoto wa mtaa waliipata pumzi ya kwanza mikononi mwake, Kibibi akiwemo, na hakuna mzazi aliyethubutu kumjibu ovyo. Mvua ndogo ya kwanza ilipoleta lundo la takataka mlangoni pake, alishuka kwa fimbo yake mpaka karakana. Cheche alijiandaa kutukanwa. Mkunga akaligusa chujio kwa ncha ya fimbo, akaliangalia huku na huku.

"Nitengenezee na mimi," akasema.

Basi lile likawa kama homa. Baada ya Mkunga akaja muuza nyama wa nyumba inayofuata juu, ambaye takataka zilizokuwa zikishuka kwa Mkunga sasa zilimgomea mlangoni pake. Baada ya muuza nyama akaja mwenye saluni. Chujio likapanda mteremko nyumba kwa nyumba mpaka likafika kwa Mwalimu, juu kabisa, karibu na soko. Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha lakini hakustaafu kusahihisha. Aliwafukuza watoto barazani kwake kwa sababu ya kelele, na alisema hadharani kwamba wa chini wanafurika kwa uchafu wao wenyewe. Hata hivyo naye aliagiza chujio, tena akataka lipakwe rangi.

Kila chujio lilikuwa na boliti nne ili liweze kutolewa na kusafishwa. Spana ya kuzifungua ilikuwa moja mtaani, nayo ilikaa mfukoni mwa Cheche. Nani aliwahi kuja kuiazima? Hakuna. Mwenye chujio alisema takataka zilizo nyuma yake ziko kwenye kipande cha jirani wa juu. Jirani wa juu alisema chujio si lake. Na wote wawili walisema kweli. Kwa ukweli wa namna hiyo mtaa mzima ulijifungia maji, ngazi juu ya ngazi, na fundi aliyezijenga ngazi alikuwa anapata kazi nzuri na kujitia hamnazo.

Mvua kubwa ilikuja mchana, watu wakila.

Haikuanza kwa manyunyu. Ilianguka. Kwa muda mfupi mtaro ulijaa, takataka zikajibana kwenye nondo, na kila chujio likawa ukuta. Nyua za mtaa ule ziko chini kuliko njia, kwa hiyo maji yaliyozuiwa hayakuwa na pa kwenda ila majumbani. Kwa mara ya kwanza tangu ajenge, Mwalimu aliona viti vyake vinaelea. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Alisimama barazani akipiga kelele za kuzidi mtoto yeyote aliyewahi kumfukuza.

Na kwa Cheche? Kwa Cheche palikuwa pakavu. Kipande chake cha mtaro kilipitisha maji kidogo, kalvati likayameza bila taabu. Kibibi alikuwa amelala. Mama Kibibi alisimama mlangoni akaitazama sakafu yake, kisha akamtazama mumewe, na akatabasamu. Cheche alikuwa hajaliona tabasamu lile tangu msimu uliopita. Laiti dunia ingesimama hapo.

Ndipo wakasikia sauti ya Mkunga.

Hakuwa analia. Alikuwa anaita majina ya watu, mmoja baada ya mwingine, kwa hasira, kama anayeita wachelewaji. Cheche akatoka mbio. Nyuma ya chujio lake maji yalikuwa yamejaa ua wa Mkunga mpaka usawa wa dirisha. Mzee alikuwa amesimama juu ya kitanda, redio kichwani. Ukuta wa nyuma ya kitanda ulikuwa wa tofali za udongo. Cheche aliona umeanza kutoa tumbo.

Ufundi una ubaya wake: ukishajua, huwezi kujifanya hujui. Akifungua machujio ya juu kwanza, maji yote yatamshukia Mkunga kwa pamoja na ukuta utaondoka naye. Ilibidi aanzie chini, afungue la kwake, ndipo apande moja moja. Na la kwake likifunguka, takataka za mtaa mzima zitakwenda kwenye kalvati, kalvati litaziba, na maji yatageukia mlango ule ule aliouacha wazi, ambako mke wake alikuwa anatabasamu. Aliingiza mkono mfukoni akaishika spana. Mkono haukutaka kutoka.

Akageuka. Mama Kibibi alikuwa amemfuata, amelowa chapachapa, mtoto amemfunika kwa turubai. Alikuwa ameuona ule ukuta.

"Fungua," akasema.

"Lakini unajua kwamba—"

"Najua. Fungua, bibi wa watu asifie humo."

Alifungua. Boliti ya nne haikungoja spana, ilijing'oa yenyewe. Maji yakapita na lundo lake, Cheche akabaki ameng'ang'ania ukingo wa mtaro. Alipoweza kusimama, alipanda kwa Mkunga, kisha kwa muuza nyama, kisha juu zaidi, akifungua. Kwa kila mlango watu walimwita fundi wetu, ndugu yetu, njoo hapa haraka. Hakuna aliyeuliza maji yanakwenda kwa nani. Alipofika kwa Mwalimu mvua ilikuwa inakatika.

Aliteremka akijua atakachokikuta. Maji yalikuwa yamefika kwenye godoro. Mama Kibibi alikuwa ameshafunga mzigo mmoja, na alikuwa anamvalisha mtoto soksi kavu juu ya meza.

"Wewe mwenyewe uliniambia nifungue," Cheche akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, na hakujali.

"Ndiyo. Na ingekuwa mimi nina spana ningefungua." Akamaliza soksi ya pili. "Sikukasirikii, Baba Kibibi. Naomba ulijue hilo. Lakini kifua cha mtoto hakijui kwamba ulifanya jambo zuri."

Wakaenda. Cheche alikaa juu ya meza, miguu majini, akalia kama mtoto. Aliyesema mwanaume halii hajawahi kubaki peke yake kwenye nyumba iliyolowa.

Kesho yake mtaa ulikusanyika njiani, kila mtu na godoro lake juani, kila mtu na lawama yake mdomoni. Haikuchukua muda lawama zote zikampata wa kuzibeba.

"Huyu ndiye aliyetuuzia!" alisema muuza nyama.

"Mliniagiza wenyewe," Cheche akajibu, na hapo hapo akawaka kama kawaida yake. "Mlipanga foleni! Wewe ulikuja mara mbili kuniharakisha!"

"Fundi anatakiwa ajue!"

"Nilijua," akasema Cheche. Akazimika. "Mke wangu aliniuliza siku ya kwanza takataka zitakaa wapi. Nilijua."

Watu hawakutegemea jibu hilo, na mtu aliyekubali kosa huwa hapigiki vizuri. Mkunga alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, redio mapajani, bado inatoa maji.

"Hata mimi nilijua," akasema. "Nilijua maji yatamrudia huyu muuza nyama. Nikasema potelea mbali, na yeye ayaonje. Nilicheka kabisa, nikiwa peke yangu jikoni." Akaipigapiga redio. "Nani mwingine alicheka? Semeni tu, mimi nimewaona wengi wenu mkiwa uchi, hamna cha kunificha."

Mwenye saluni ndiye aliyeanza kucheka. Kisha muuza nyama, shingo upande. Mwalimu hakucheka. Alikuwa anaangalia chini mteremkoni, kwenye nyumba ya Cheche, iliyokuwa na mlango wazi na hakuna nguo ya mtoto kwenye kamba.

"Mtoto yuko wapi?" akauliza.

Cheche akawaambia.

Siku ile hawakukubaliana mambo mengi, na mtu akikwambia waliamka wote watakatifu anatia chumvi. Walikubaliana moja tu: kwamba asisafishe mtu mbele ya mlango wake tena. Zamu ikifika, nyumba mbili zitasafisha mtaro wote, kutoka sokoni mpaka kwenye kalvati, na taka zitapanda juu zisubiri mkokoteni, hazitashuka. Chujio litabaki moja, juu kabisa, nalo ni la wote. Yale mengine Cheche aliyakata akatengeneza huo mkokoteni. Zamu ya kwanza Mwalimu aligoma kugusa mafuta ya mbele ya bucha, muuza nyama akagoma kugusa nywele, na kuna nyumba mbili hazikutokea kabisa mpaka leo. Lakini zamu ilikwenda, na iliyofuata ikaenda vizuri kidogo.

Mara mbili Cheche alikwenda kwa shemeji yake kumwomba mkewe arudi. Mara mbili alirudi mikono mitupu. Alikuwa anajiandaa kwenda mara ya tatu, amevaa shati la kupigwa pasi, Mkunga alipomzuia mlangoni.

"Unakwenda kuomba radhi ya nini?"

"Nyumba ilijaa maji, mama."

"Ilijaa takataka zako? Wewe utatuonyesha njia tu. Wataongea wenye kosa."

Sebule ya shemeji ilikuwa ndogo, na wageni walikuwa Mkunga, Mwalimu, muuza nyama na mwenye saluni. Viti havikutosha. Cheche alikaa karibu na mlango pamoja na viatu. Mama Kibibi aliingia na mtoto, akawaamkia wakubwa mmoja mmoja, akakaa. Kibibi akamkazia macho Mwalimu.

Mwalimu alikuwa ameandaa hotuba. Alisimama, akakohoa, akaanza na neno "Kwanza", na hotuba yote ikapotea.

"Mwanangu," akasema hatimaye, "miaka yote hii nimefagia mlangoni kwangu nikajiita msafi. Kumbe nilikuwa nakuletea wewe. Hayo ndiyo niliyokuja kusema."

Akakaa. Muuza nyama, mtu mnene mwenye kelele, alikuwa anaangalia vidole vyake.

"Ahsanteni," akasema Mama Kibibi. Machozi yalikuwa karibu, akayameza. "Sasa niambieni. Maji yatakoma?"

Wote walitaka kusema ndiyo. Mwenye saluni alishafungua mdomo.

"Hayatakoma," Cheche akasema kutoka mlangoni. "Kalvati ni dogo na mvua imekuwa kubwa. Yatapungua. Lakini siku nyingine yataingia."

Mkunga akamwangalia kama anataka kumrudisha alikotoka. Mama Kibibi yeye aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea kitu kizito lakini kizima.

"Basi mimi nina neno moja," akasema. "Mvua kubwa ikianza, Kibibi asilale chini kule. Alale juu. Kwa Mwalimu ndiko kukavu."

Mtaa mzima ulijua habari za Mwalimu na watoto. Naye alijua kwamba wanajua.

"Analia?" akauliza.

"Analia sana."

Mwalimu akamwangalia mtoto, na mtoto akamwangalia yeye, na ilionekana wazi nani atashindwa. "Basi atalia," akasema.

Walirudi jioni ile ile, mzigo kichwani kwa muuza nyama.

Mvua iliyofuata ilichelewa, nayo ilikuja na yake yote. Ilikuwa bado mchana ilipoanza. Mtaro ulikuwa safi, na kwa muda mrefu ulimudu, Cheche akaanza kupata moyo. Kisha barabara kubwa yenyewe ikajaa, kalvati likaanza kutapika, na maji yakavuka kizingiti, yakaingia sebuleni kimya kimya kama mgeni anayejua nyumba. Mama Kibibi akampandisha mtoto mezani. Kibibi akakohoa. Cheche alibeba gunia la unga juu, akabeba godoro juu, hakuthubutu kumtazama mkewe. Alikuwa amewaambia ukweli, lakini ukweli haukaushi sakafu. Moyoni alikuwa anasubiri asikie kamba ya mzigo ikifungwa.

Mlango ukagongwa.

Alikuwa Mwalimu. Suruali ameikunja mpaka magotini, na miguu ile myembamba hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kuiona. Mwavuli ulikuwa umepinduka na hauna faida tena kwa yeyote. Nyuma yake, kwenye kalvati, muuza nyama na mwenye saluni walikuwa majini na mabeleshi, wakigombana nani anamrushia nani matope, na Mkunga amesimama juu ya ukingo akiwaelekeza wote kwa fimbo.

"Mmechelewa kuniletea," Mwalimu akasema, akihema. "Nimekuja mwenyewe. Nipeni mtoto wetu."

Mama Kibibi alisimama akimtazama, mkono mdomoni. Kisha akamfunga Kibibi kwenye turubai akampa. Akajifunga nguo kiunoni, akachukua reki nyuma ya mlango.

"Baba Kibibi, umesimama nini? Watu wako kwenye kalvati."

Cheche akachukua beleshi akamfuata. Huko juu, mzee alikuwa anaupanda mteremko polepole ndani ya mvua, akiwakemea watu wampishe. Kibibi alikuwa mabegani kwake. Hakulia hata kidogo, alikuwa amemshika masikio yote mawili.